Mgonjwa karudi Bukavu baada ya operesheni ya kupunguza uzito: tumfuate vipi?

Infirmie (muuguzi) wa Kadutu aliuliza:

Jambo wakubwa kwa wadogo. Nauliza kwa ajili yetu sisi wa vituo vya afya. Operesheni yenyewe inafanyika mbali, India, Uturuki au Afrika Kusini, lakini miaka yote inayofuata mgonjwa anaishi hapa, anakula vya soko letu, na akiumwa usiku mlango anaogonga ni wetu.

Tuchukue mfano: mama wa miaka 38, baipasi (tumbo la chakula limekatwa likabaki mfuko mdogo, ukaungwa na utumbo wa mbele zaidi, sehemu ya kwanza ikarukwa), wiki ya 7. Ameshuka kutoka kilo 124 hadi 107. Ana pakiti ya multivitamini inayokaribia kuisha, na karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Nyumbani wanapika bugali, sombe (majani ya muhogo), maharagi, sambaza (samaki wadogo wa ziwa). Ale nini, kiasi gani? Akifika ametapika siku nne, tuanze na nini? Na jambo la mwisho: familia inaangalia kilo tu. Sisi tutajuaje kama maisha yake yamekuwa mazuri kweli?

Daktari wa upasuaji alijibu:

Infirmie, asante kwa kuuliza mapema. Naanza na kutapika, maana hapo kosa la dakika moja linaweza kumharibu mtu ubongo.

Aliyefanyiwa operesheni hii anakula kidogo mno, na akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Akitapika siku kadhaa, imekwisha. Sasa anafika kituoni amelegea, na mkono wetu kwa mazoea unakwenda kwenye serumu (dripu) ya glukoze. Glukoze haichomeki mwilini bila B1. Inakomba kile kidogo kilichosalia, na ubongo ndio unaolipa: macho yanachezacheza au anaona kila kitu viwili, anayumba akitembea, maneno yanamchanganya. Wapo wasiorudi kamwe walivyokuwa.

Kwa hiyo B1 kwanza, ndani ya mshipa, miligramu 200 katika saline ya mililita 100, iingie kwa dakika 30, mara 3 kwa siku. Dalili za macho, mwendo au akili zikionekana, panda hadi miligramu 500 mara 3 kwa siku na umpeleke hopitali. Usingoje jibu la labo. Maji mrudishie kwa Ringer au saline 0.9%. Kama glisemi (sukari ya damu) imeshuka, glukoze haisubiri, lakini B1 iingie saa ileile. Hopitali wapime pia potasiamu na magnesiamu, kwa sababu B1 haifanyi kazi vizuri magnesiamu ikiwa chini.

Jambo lilelile liko kwenye malaria kali. Kinini tumezoea kuiweka ndani ya serumu ya glukoze. Kwa mgonjwa wa namna hii artesunate ya sindano ndiyo njia, na ikibidi kinini, B1 itangulie.

Baada ya hapo tafuta sababu. Wiki ya 4 hadi ya 8 ya baipasi ndiyo wakati ambapo mdomo wa kiungo kipya kati ya mfuko na utumbo unaweza kusinyaa. Muulize vizuri: kwanza nyama ilikataa, kisha uji, sasa hata maji? Mfuatano huo unaonyesha njia inaziba. Dawa yake ni kupanuliwa kwa endoskopia (mrija wenye kamera unaopita mdomoni), vidonge vya kuzuia kutapika havitamsaidia kitu. Na tafadhali, msimtie sonda (mrija) ya puani kwa kubahatisha. Mshono bado ni mchanga, unaweza kutobolewa.

Mengine ya kumpeleka hopitali siku hiyohiyo: mapigo ya moyo zaidi ya 120, homa, au maumivu yanayopanda bega la kushoto ndani ya wiki za kwanza (mshono unavuja). Mguu mmoja uliovimba, au pumzi fupi, hasa kwa aliyetoka kushuka ndege ya masaa mengi. Na miezi au miaka baada ya baipasi, maumivu ya tumbo ya kubana yanayokuja na kuondoka: utumbo unaweza kuwa umepenya kwenye tundu la ndani na kujisokota. Ekografia (ultrasound) safi haimalizi shaka hapo. Panahitajika skanere (CT), na skanere ikionekana safi lakini maumivu hayaachi, daktari wa upasuaji anapaswa kuingia kuangalia.

Ile karatasi isiyosomeka msiikubali. Mgonjwa aandikie hospitali yake aombe rapoti ya operesheni kwa Kifaransa au Kiingereza: ni slivu (tumbo lililokatwa likabaki bomba), baipasi ya viungo viwili au ya kiungo kimoja (yaani penye kuungwa ni pawili au pamoja tu)? Utumbo uliorukwa ni sentimita ngapi? Matundu ya ndani yalifungwa? Nyongo iko au ilitolewa? Neno "baipasi" peke yake halitoshi, maana ile ya kiungo kimoja mara nyingi inaruka utumbo mrefu zaidi, na upungufu wa vitamini unakuwa mkali zaidi.

Lishe Nguba alijibu:

Mimi nichukue chakula. Mfuko uliobaki kwenye baipasi unabeba kama mililita 30, vijiko viwili vya mezani. Slivu inaacha bomba la mililita 100 hadi 150. Ukiyashika hayo mawili kichwani, mengine yote yanaeleweka.

Wiki mbili za kwanza ni vya kunywa tu. Wiki ya 3 na ya 4 ni vilivyosagwa vikawa laini kama uji mzito. Wiki ya 5 na ya 6 ni vilaini vinavyopondeka kwa uma. Huyo mama wa wiki ya 7 anaanza chakula cha kawaida, kimoja kimoja, siku moja kitu kipya kimoja, ili kikikataa ujue ni kipi.

Lengo ni proteini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Watu wanadhani ni lazima kununua unga wa mkebe kutoka ng'ambo kwa dola nyingi. Ziwa Kivu linatosha. Chukua sambaza zilizokauka vizuri, toa vichwa ili usiwe uchungu, zikaange bila mafuta kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka zivunjike zikibanwa kwa vidole viwili. Hapo zitwange kwenye kinu, chekecha kwa kichujio cha chai, kinachobaki rudisha kinuni. Unga utoke mwembamba, rangi ya kahawia ya fedha, usiokwaruza ukiusugua kwenye ulimi. Vijiko viwili vya mezani, kama gramu 15, vina proteini karibu gramu 9, pamoja na kalsiamu ya mifupa. Unaingia kwenye uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) usio na sukari, kwenye maharagi yaliyopondwa, kwenye supu. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko; ukishika unyevu unaoza haraka na kunuka.

Baada ya mwezi wa tatu, siku yake moja inaweza kwenda hivi (gramu ya mwisho kwa kila kitu ni ya proteini). Asubuhi yai moja la kuchemsha, gramu 6. Saa nne mashanza (maziwa ya mgando) mililita 150, gramu 5. Mchana tilapia iliyoiva gramu 60, gramu 15, na vijiko vinne vya maharagi yaliyochujwa maganda, gramu 5. Saa kumi kikombe cha maziwa chenye vijiko viwili vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 13. Jioni kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi gramu 60, gramu 15 tena, na kipande cha fromaji (jibini) ya Goma cha gramu 30, gramu 7. Jumla 66. Maziwa yakimletea gesi na kuhara, jambo la kawaida baada ya baipasi, abaki kwenye mashanza na fromaji.

Proteini iliwe kwanza, mboga ifuate, wanga mwisho kama nafasi ipo. Bugali ndiyo inayosumbua kuliko vyote: inashikamana, inakuwa tonge moja, inakaa kwenye mdomo wa mfuko kama kizibo, na mtu anatokwa mate mengi, kifua kinabana, mpaka aitapike. Mkate mlaini mweupe ni hivyohivyo. Miezi mitatu ya kwanza aiache. Baadaye tonge la ukubwa wa punje ya karanga, litafunwe mpaka liwe maji. Sombe angoje mwezi wa tatu, iwe imetwangwa sana na kuchemka muda mrefu, mafuta ya mawese kijiko kimoja tu cha chai kwenye sehemu yake.

Maji lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kufyonza kidogo kidogo. Asinywe na chakula: aache dakika 30 kabla na dakika 30 baada. Akinywa katikati ya kula, chakula kinasukumwa chini haraka, njaa inarudi, na kwenye baipasi analetewa ule mkurupuko: dakika 10 hadi 30 baada ya kula moyo unakimbia, jasho, tumbo linakata, anataka kulala chini. Sukari ndiyo mchochezi mkubwa. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina sukari kama gramu 35. Maji ya ORS yana gramu 13.5 kwa lita nzima, kwa hiyo anapohara anaweza kuyanywa kwa kufyonza bila hofu.

Infirmie wa Kadutu:

Mama Lishe, Mungu akubariki. Hapo kwenye kutotumia unga wa mkebe umetusaidia wengi. Swali: nyumbani wanakula sahani moja kubwa. Akijitenga wanamwona amekuwa na majivuno.

Lishe Nguba:

Akae palepale nao, asijitenge. Apakuliwe wa kwanza, kwenye sahani ya kikombe cha chai na kijiko kidogo, na aanze kula pamoja na wengine. Mlo wake uchukue dakika 20 hadi 30, atamaliza nao. Watu wanapima kwa macho, hawahesabu alichokula. Ndiyo maana sahani yake iwe ndogo na ijae, kuliko sahani kubwa yenye vijiko vitatu katikati. Mgeni akisukuma "ongeza, ongeza", mwenye nyumba ndiye ajibu kwa niaba yake.

Mfarmasia wa Bagira alijibu:

Naongeza ya dawa. Kitu cha kwanza nawaomba mwandike kwa kalamu nyekundu kwenye fishi yake: HAPANA diklofenaki, HAPANA ibuprofeni, HAPANA aspirini ya maumivu. Baada ya baipasi zinafungua kidonda penye kiungo, kinavuja damu au kinatoboka. Shida hapa ni vidonge vya mchanganyiko. Mtu anaomba dawa ya mgongo barabarani, anapewa kitu chenye jina la paracetamol, lakini nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo kuna diklofenaki au ibuprofeni ndani yake. Geuza pakiti, soma. Paracetamol tupu ndiyo yake. Na sigara inaleta kidonda hichohicho.

Vitamini ni za maisha yote. Mwaka mmoja hautoshi. Kwa mwanamke anayeona siku zake, au yeyote wa baipasi: chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500, igawanywe mara tatu, kwa sababu mwili hauchukui zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja. Vitamini D IU 3000. B1 angalau miligramu 12, na 50 ni bora zaidi. B12 kwa mdomo mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku, au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi. Kwa hali ya hapa napendelea sindano, maana ni siku moja ya kukumbuka badala ya thelathini. Soma kibandiko cha ampuli, kwani "B komplekse" nyingi zina B12 kidogo mno au hazina kabisa. Vivyo hivyo multivitamini za bei rahisi: rangi nzuri, ndani hakuna kitu.

Chuma na kalsiamu viachane masaa mawili, vinapigania mlango mmoja. Chuma kisiende na chai. Kalsiamu ya sitrati ndiyo inayofaa. Ikipatikana ya karbonati tu, inywewe pamoja na chakula, kwa sababu inahitaji asidi ambayo mfuko mdogo hautoi ya kutosha.

Omeprazole kwa kawaida ni miezi 3. Kwenye baipasi fungua kapsuli, mimina chembe kwenye maji kidogo, zimezwe bila kutafunwa. Vidonge vya kutoa dawa polepole viepukwe. Njia imekuwa fupi, vinapita kabla ya kuyeyuka. Mwenye diabeti aliyekuwa kwenye glibenclamide asiendelee nayo kama zamani, sukari inashuka tangu siku za mwanzo na anaweza kuanguka. Na za tansio, zile za kukojoza hasa, daktari azipunguze akimpima, la sivyo mtu asiyekunywa maji ya kutosha anakaukiwa.

Nywele zitadondoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Zinarudi, ikiwa proteini na chuma vipo.

Mkunga wa Ibanda alijibu:

Naona hakuna aliyegusa uzazi, na huyo mama ana miaka 38. Uzito ukishuka, yai linarudi kutoka kila mwezi, hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba na anayeamini hawezi. Mimba ingoje miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi, mwili unaweza usivichukue vyote. Kipandikizi cha mkononi au kitanzi ndivyo vya kumpendekezea, na mazungumzo hayo yafanyike kabla hajaondoka kwenda kwenye operesheni, au siku ya kwanza akifika kwenu.

Akishika mimba, asinyweshwe yale maji ya glukoze gramu 75 ya kupima diabeti ya mimba. Anaweza kuzimia pale pale kwenye labo. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 apimwe glisemi kwa tone la kidole, asubuhi bila kula na baada ya kula, kwa wiki moja. Na mjamzito wa baipasi mwenye maumivu ya tumbo ya kubana asiambiwe "ni uchungu wa mapema" mpaka utumbo umeangaliwa.

Saikolojia ya Afya, Muhumba alijibu:

Nirudi kwenye swali la mwisho la Infirmie, maana ndilo lililobeba mengine. Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuata watu 2010 waliofanyiwa operesheni na wengine 2037 waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Ubora wa maisha ulipanda sana mwaka wa kwanza, ukashuka pole pole kati ya mwaka wa 1 na wa 6, kisha ukatulia mpaka wa 10, juu kuliko ulivyokuwa kabla ya operesheni. Kwa hiyo mwaka wa furaha wa kwanza usiwadanganye mkaacha kumfuata. Kushuka kunaanza wakati ambapo kila mtu ameshaacha kuuliza.

Kuna kipimo kinachoitwa BAROS, cha mwaka 1998, kinachopima kilo pamoja na magonjwa na maisha yenyewe. Maswali yake ya maisha, yalivyoboreshwa baadaye, ni sita, na hayataki mashine: anajionaje mwenyewe? Anatembea na kufanya kazi za mwili kiasi gani? Anakaa na watu? Kazi yake inaendaje? Ndoa na mambo ya kitandani je? Anakionaje chakula? Ulizeni hayo kila anapokuja, kwa Kiswahili chake, andikeni majibu karibu na kilo.

Hapa kwetu ongezeni la saba: watu wanasema nini? Bukavu mtu aliyekonda kwa haraka anasomwa kama mgonjwa. Wanamsingizia SIDA (UKIMWI), kifua kikuu, au kwamba nyumbani wamefilisika. Mashavu yakiingia ndani, mama sokoni anakataa kushika alichoshika. Hilo linaumiza kuliko njaa, na wengine wanaanza kula kwa makusudi ili wanene tena. Mwandalieni mgonjwa sentensi moja fupi ya kusema mwenyewe, kwa mfano: "Nilipasuliwa kwa ajili ya sukari na magoti, daktari ananifuata." Mume au dada mkubwa aijue pia, aitumie vilevile.

Angalieni pombe kwa macho mawili. Baada ya baipasi bia moja ya Primus inapanda kichwani haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na aliyekuwa akijituliza kwa chakula anaweza kuhamia kwenye chupa mwaka wa pili au wa tatu. Huzuni nzito au maneno ya kutaka kufa hayangoji miadi.

Ngozi iliyolegea nayo ni sehemu ya maisha: chini ya tumbo panakuwa na unyevu, pananuka, mtu anaacha kanisa. Paoshwe, pakaushwe kabisa, kitambaa cha pamba kikunjwe kati ya mikunjo, krimu ya clotrimazole penye wekundu wa kuwasha.

Infirmie wa Kadutu:

Ninachapa yote haya niyabandike chumba cha konsultasyo. Swali la mwisho kwa Daktari: labo kila baada ya muda gani, na asiyeweza kulipa vyote tuchague vipi?

Daktari wa upasuaji:

Mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka bila kukoma. Kamili ni: NFS (hesabu ya chembe za damu), feritini (akiba ya chuma), B12, folati, kalsiamu, vitamini D, homoni ya paratiroidi, albumini, kreatinini, vipimo vya ini, glisemi.

Pesa ikiwa kidogo, kila mara fanyeni NFS, glisemi, kreatinini na albumini, na feritini mara moja kwa mwaka. B12 haina haja ya kupimwa kwa anayechomwa sindano kila mwezi bila kuruka. Pesa hiyo inunue kalsiamu na chuma. Angalieni NFS kwa makini: chembe ndogo na damu chini ni chuma, chembe kubwa ni B12 au folati, na vyote viwili vikikosekana pamoja ukubwa unaweza kuonekana wa kawaida huku damu ikishuka. Kabla ya kumpa folati peke yake hakikisheni B12 imeingia, kwa sababu folati inainua damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Na kila akija, hata bila pesa ya labo, mwambieni asimame miguu pamoja na afumbe macho, kisha atembee mstari mmoja kisigino kwenye ncha ya vidole. Muulize kama nyayo zinamchoma au zimekufa ganzi. Kupima mishipa ya fahamu hivyo kunachukua dakika mbili.